Mikuki Mbele ya Kamera

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliotoka Bomet, Litein na Kipkelion, na ninyi wahitimu wa utayarishaji wa filamu: chamgei!

Nimeombwa niseme juu ya ajira. Hayo mtayasikia kwa wengine. Mimi nina filamu moja ya mwaka 1928, Simba, ya Mmarekani Martin Johnson na mkewe Osa. Ni filamu bubu. Picha zake zilipigwa Afrika Mashariki miaka ya 1920, Makumbusho ya Historia ya Asili ya New York yakiwaunga mkono. Ndani yake wamo mashujaa wamemzingira simba kwa ngao na mikuki. Wanaitwa Walumbwa, jina ambalo wakoloni waliwabandika Wakipsigis, na ambalo hata stesheni ya reli ya Kipkelion ililibeba.

Itazameni, tena bila hasira. Johnson alijua kazi: uhariri ni wa haraka, mikuki inarushwa, na mtazamaji anashika kiti. Lakini filamu haina sauti. Maneno yote yamo kwenye maandishi yanayojitokeza kati ya picha, na hayo Wamarekani waliwaandikia Wamarekani wenzao. Shujaa wetu hapati nafasi ya kusema hata kwamba amechoka.

Sasa tazameni miaka. Katika muongo uleule, kampuni ya Brooke Bond ilikuwa inapanda chai hapa Kericho, na wenyeji wa vilima hivi walikuwa wamenyang'anywa ardhi. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwahamishia Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, mbali huko Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Habari kubwa ilikuwa hapa, ila simba ndiye aliyeuza tiketi. Mpaka leo wageni wengi wenye kamera hushuka Nairobi, wakaelekea Maasai Mara, wakatupita. Si Johnson aliyeanza kupiga filamu za wanyama huku, kwani Mwingereza Cherry Kearton alimtangulia kwa miaka mingi, lakini Johnson alituachia mazoea ambayo hata sisi tunayafuata: ukiambiwa utengeneze filamu ya Kenya, unaanza na twiga jua likizama. Si kweli?

Humu ukumbini wamo mama zenu waliochuma majani mawili na chipukizi, kabla mashine hazijaingia mashambani. Anzeni na hao. Waacheni waongee Kipsigis, tafsiri ikae chini ya picha, wala msiwakatize. Na filamu ikiisha, majina yao yatokee yote matatu, kwa herufi kubwa sawa na za mwongozaji.