Uso wa Daktari Chellini

Wazazi, nanyi madaktari wapya: hongereni sana. Kazi yangu ni kufundisha historia ya sanaa, na leo nimekuja na habari za daktari mwenzenu, Giovanni Chellini wa Florence, Italia.

Mchongaji Antonio Rossellino alimchonga kwa marumaru mwaka 1456, mzee akiwa amevuka miaka 80. Mashavu yamebonyea, ngozi ya shingo imelegea, kunyanzi zimezagaa kandokando ya macho. Wataalamu wengi wanaona kwamba kazi ilianza kwa kuuchukua uso wenyewe kwa jasi, ileile mnayofungia mifupa iliyovunjika. Mtu alilazwa, akapakwa mafuta, akatiwa vijirija puani apate kupumua, kisha jasi ikamiminwa. Mzee wa umri ule alikubali kulala vile! Na uzee wake ukaachwa wote juu ya jiwe. Ninyi nanyi mmefunzwa kutazama hivyo: rangi ya jicho, uvimbe wa mguu, pumzi inavyopanda. Naomba msichoke kutazama hata foleni ya wagonjwa ikirefuka.

Sanamu za namna hii, za kichwa na mabega ya mtu halisi, zilikuwa zimepotea karibu kabisa tangu enzi za Warumi. Mwaka 1453 Mino da Fiesole alimchonga Piero de' Medici, mtoto wa tajiri wa benki. Miaka mitatu baadaye heshima hiyo ikamfikia tabibu. Ndani ya uwazi wa chini ya sanamu yake pamechongwa jina lake, la baba yake, mji wao wa San Miniato, na shahada yake ya udaktari. Wazazi, naona mnatabasamu.

Mwaka huohuo wa 1456 Chellini alimtibu Donatello, mchongaji aliyewapita wote Florence. Katika daftari lake la hesabu aliandika kwamba mgonjwa huyo amempa duara la shaba, ukubwa wa sahani, lenye Bikira Maria, Mtoto na malaika wawili kila upande. Na kwamba nyuma yake limechimbwa kama kalibu, ukimimina kioo kilichoyeyuka unapata picha ileile. Hakusahau kitu. Alikipima na kukieleza kile kipande cha shaba kama anayempima mgonjwa.

Sanamu na duara vyote viko London, katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Mkijaliwa kufika, mwamkieni mzee wenu.