BOTI YA FAIBA HAITAKI KUKISIA
(Maneno yaliyosemwa kwa wavuvi na mafundi wa Nyakato, Mwanza)



Leo tuzungumze habari ya boti za faiba. Mwaka 2024 Serikali ilitoa boti za kisasa kwa mkopo hapa Mwanza, na boti za faiba zinazidi kuonekana ziwani. Basi ni vizuri tujue zinavyotengenezwa, maana humo ndimo tunamoweka roho zetu.

Boti hiyo ni vitambaa vya nyuzi za kioo vilivyoloweshwa kwa gundi iitwayo rezini. Gundi huchanganywa na dawa ya kugandisha. Hapo chembe zake hushikana, kama watu walioshikana mikono ngomani, mpaka zinakuwa kitu kimoja kigumu. Kazi hiyo hutoa joto. Ikishaganda hairudi tena, kama vile yai lililochemshwa haliwi ute tena.

Shida iko wapi? Gundi yatakiwa ienee kwanza, kisha igande. Ikiganda mapema, nyuzi nyingine hubaki kavu. Nje boti inang'aa, kumbe ndani ni dhaifu. Siku ya mawimbi ndipo utakapojua.

Wako wanafunzi wa vyuo vikuu wanaolichunguza jambo hili kwa miaka mitatu au zaidi, wapate shahada ya uzamivu. Hawaanzi kwa kumwaga gundi. Kazi yote huigizwa ndani ya kompyuta. Umbo la boti hugawanywa vipande vidogo maelfu. Kwa kila kipande kompyuta hupiga hesabu: Gundi imefika? Joto ni kiasi gani? Imeganda kiasi gani? Hesabu ya kuenea inatokana na Mfaransa Henry Darcy, ambaye mwaka 1856 alieleza jinsi maji yanavyopita mchangani. Hesabu ya kuganda inayotumika sana ilitolewa na Kamal na Sourour mwaka 1973. Hivyo kosa huonekana kabla gundi haijapotea.

Lakini tusidanganyane. Kompyuta haijui kitu mpaka ipewe vipimo. Na kupima hata sisi tunaweza. Tulijifunza kusoma, basi tusome maandishi ya kwenye kopo. Kwa rezini nyingi za boti, dawa ni gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja. Tufuate kopo linavyosema. Siku ya joto kali gundi huganda upesi. Tuandike daftarini: kilo ngapi, gramu ngapi, tulichanganya saa ngapi, iliganda saa ngapi. Tena tujihadhari. Dawa ya kugandisha hupofusha macho. Ikikutana yenyewe na dawa ya kuharakisha, yaweza kulipuka.

Ndugu zetu, bei ya mizani na daftari haifiki thamani ya roho ya mtu. Tusome, tupime, tuandike.