Mgeni Kati ya Yerusalemu na Yeriko

Somo: Luka 10:25–37

Mlio nyumbani mkingoja chai ichemke, na mlio safarini ndani ya matatu, karibuni tuketi pamoja kwa dakika hizi chache.

Hapa Eastlands, Nairobi, iko mitaa miwili iliyo jirani. Mmoja huitwa Jerusalem na wa pili Jericho. Msafiri wa mfano wa Bwana Yesu alishuka njia ndefu yenye mawe na mapango, bali sisi twaweza kutoka Jerusalem mpaka Jericho kwa miguu kabla jasho halijatutoka. Tulipokuja kutoka Tanzania, mchungaji, mama na watoto wawili, tulifurahi sana kusikia majina hayo. Tuliona kana kwamba tumetumwa kukaa ndani ya Biblia.

Tulijifunza mengi upesi. Maji yakija usiku wa manane, hapana budi mtu aamke kujaza mitungi. Kiswahili chetu cha kuomba radhi kila mara kiliwachekesha akina mama wauza sukuma wiki, lakini hawakutupunja. Kanisani tuliimba nyimbo tulizozijua kwa sauti tusizozizoea. Tena tulijua kwamba kila baada ya muda hatuna budi kupanga foleni ofisini, tuombe upya kibali cha kukaa na kufanya kazi. Mgeni halali akasahau jambo hilo.

Wazee wa mitaa hii walitufariji. Nairobi, walisema, ilianza kwa kambi ya reli mwaka 1899. Pumwani ilipoanzishwa katika miaka ya 1920, Mwafrika aliweza kujenga nyumba yake lakini ardhi haikuwa yake. Serikali ya kikoloni ilimhesabu kuwa mpita njia tu: afanye kazi mjini, kisha arudi kwao. Kwa hiyo, wakasema, hapa Eastlands hakuna wa kumcheka mwenziwe kwa ugeni, kwa maana baba zetu sote walikuwa wageni.

Wapendwa, sasa twataka kuungama jambo moja mbele yenu.

Mwezi wa Aprili 2014, baada ya mashambulio ya mabomu katika mtaa wa Eastleigh, ulifanyika msako mkubwa mjini Nairobi. Maelfu ya watu walikamatwa, na wengi wao walizuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Karibu na lango la ploti yetu palikuwa na kibanda cha fundi cherehani, mkimbizi kutoka Kongo, upande wa Bunia. Alikuwa Mwanglikana kama sisi. Tulikuwa tumempa kanzu yetu ya ibada aikunje pindo, maana Pasaka ilikuwa karibu.

Usiku mmoja alibisha hodi. Alikuwa na mkewe, watoto watatu na mfuko mmoja. Akasema, “Pasta, tuombe kulala hapa mpaka asubuhi.” Hakuomba zaidi ya hayo.

Sisi tulikuwa na vyumba viwili. Lakini karatasi zetu zilikuwa ofisini zikingoja kutengenezwa upya, na mioyoni mwetu tulisema, “Tukikutwa na wageni nyumbani, nasi tu wageni, itakuwaje?” Basi tukamjibu kwa upole wa kikanisa kwamba arudi kesho, tutazungumza kwanza na wazee wa kanisa. Tukamwombea amani pale pale mlangoni. Tukafunga.

Asubuhi tukasikia kwamba fundi amechukuliwa. Mkewe na watoto walikuwa kwa mama mmoja muuza mboga, mwenye chumba kimoja na watoto wanne wake mwenyewe. Siku ya Pasaka tulisimama madhabahuni kwa kanzu ya kuazima, fupi, ikionyesha suruali. Washarika walidhani tumechelewa kwa fundi.

Siku ya ishirini na mbili fundi akarudi, amekonda. Tulipomwona tulitaka kupita upande wa pili wa njia, kama wale wawili wa mfano. Lakini yeye alituita, akaingia kibandani, akatoka na kanzu yetu imekunjwa vizuri. Akasema, “Pasta, nilikuja nayo usiku ule. Mulifunga mlango mbele niitoe.”

Ndugu msikilizaji, maneno hayo hayakuwa ya kutulaumu, nayo ndiyo yaliyotuchoma. Mtu aliyekimbia kwa hofu alikumbuka nguo yetu ya Pasaka. Sisi tulioivaa nguo hiyo hatukukumbuka hata kumpa mkeka.

Tangu siku hiyo tumeusoma mfano wa Msamaria kwa macho mengine. Zamani tuliwahukumu kuhani na Mlawi kuwa watu wagumu. Sasa twadhani pengine walikuwa watu wa hofu tu, wenye udhuru mzuri kama wetu. Lakini mtazameni Msamaria. Katika njia ile yeye ndiye aliyekuwa mgeni, tena wa kabila lililodharauliwa. Kama angekutwa ameinama juu ya Myahudi aliyejaa damu, nani angemsadiki kwamba si yeye aliyempiga? Alikuwa na sababu ya kuogopa kuliko wote, naye ndiye aliyesimama. Sisi tuliushika ugeni wetu kuwa udhuru, kumbe Bwana alikuwa amemchagua mgeni awe mwalimu wetu.

Fundi alitukumbusha tena jambo moja. Kanisa lake la Kongo lilipandwa na wageni. Apolo Kivebulaya, Mganda, alivuka kwenda Mboga mwaka 1896. Huko alipigwa na kuteswa, lakini baadaye alirudi, akawahudumia watu mpaka alipofariki mwaka 1933. Aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa misitu ya Kongo ambako Injili ilikuwa haijafika. Kama watu wa Mboga wangemfungia mlango milele, fundi wetu angeisikia wapi habari njema?

Basi tufanye nini? Hatuwaambii kuficha wavunjao sheria. Twawaambia kwamba sheria haimkatazi Mkristo kumjua jirani yake kabla ya siku ya hatari. Ujue jina lake na la watoto wake. Ujue karatasi zake zikoje, na siku akiitwa ofisini, umsindikize, umngojee kwenye benchi mpaka atoke. Wazee wa kanisa wazungumze mambo haya mapema, mchana, ili mtu akibisha hodi usiku, jibu liwe tayari. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na twashukuru. Lakini mlango wa nyumba hufunguliwa na mwenye nyumba.

Nawe uliye mgeni katika mji huu, uliyekuja kwa kazi, kwa masomo au kwa kukimbia vita, usiseme kwamba huna la kumtolea mtu mpaka utakapokuwa mwenyeji. Yule mama wa mboga hakungoja kupata chumba cha pili.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni, utusamehe milango tuliyoifunga huku tukilitaja jina lako. Uondoe hofu yetu, na utupe kumtambua jirani angali mlangoni. Amina.

Amani ya Bwana iwe nanyi nyote, mpaka tutakapokutana tena.