Kabla na Baada ya Kupasua Fizi



Mgonjwa wa fizi huchelewa kuja kwetu, wala hana lawama, kwa kuwa ugonjwa wenyewe mara nyingi hauumi. Akiona damu kwenye mswaki, anasingizia mswaki. Huja siku jino linapoanza kucheza, na swali lake huwa moja: mnang'oa au mnapasua? Jibu langu humvunja moyo. Kwanza tunasafisha.

Tunakwangua ugaga ulioganda kwenye mzizi, chini ya ufizi, tunamwelekeza namna ya kusafisha katikati ya meno, kisha anakwenda zake. Akirudi baada ya miezi kama mitatu tunapima upya. Kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita kinateremshwa taratibu kati ya jino na ufizi. Ufizi wenye afya hukizuia kwenye milimita 1 hadi 3. Kikizama 4 au 5, tunasafisha tena. Kikizama 6 au zaidi baada ya kazi yote hiyo, ndipo tunapozungumzia kisu.

Wanaofikia hapo ni wachache kuliko tunavyodhani. Katika miaka ya 1980 watafiti walipima vinywa vya watu wazima Tanzania na Machakos, Kenya. Ukoga na ugaga waliukuta karibu kwa kila mtu, lakini uharibifu mkubwa ulikuwa umerundikana kwa watu wachache. Dhana kwamba fizi chafu lazima ziishie kwenye pengo ilipata pigo hapa hapa kwetu.

Upasuaji wenyewe hufanyika kwa sindano ya ganzi, mgonjwa akiwa macho. Daktari anachanja kufuata shingo za meno, anaubandua ufizi kutoka kwenye mfupa, na sasa anaona alichokuwa akikipapasa gizani: ugaga mweusi uliong'ang'ania mzizi, na mfupa ulioliwa. Anaondoa nyama iliyovimba, anasafisha mzizi, anaurudisha ufizi na kuushona. Nyuzi hutolewa baada ya wiki moja au mbili. Leonard Widman wa Sweden aliieleza njia ya aina hii mwaka 1918. Watafiti Ramfjord na Nissle wakaiboresha mwaka 1974. Kuupunguza ufizi kwa kuukata tunakufanya zaidi pale ulipoota kupita kiasi, kwa mfano kwa baadhi ya wanaotumia phenytoin, dawa ya kifafa.

Mwaka 1977 watafiti Nyman, Lindhe na Rosling, wa Gothenburg, Sweden, walichapisha matokeo ambayo kila mwanafunzi wangu huyasoma. Waliwapasua wagonjwa kwa mbinu mbalimbali, kisha hawakuwapa usafi wa kitaalamu wa mara kwa mara. Mbinu zote zilishindwa. Meno yaliendelea kupoteza mshiko. Kwa hiyo asiyeweza kurudi kliniki kila baada ya miezi michache, mimi simpasui.

Nyman huyo huyo mwaka 1982 aliweka kizuizi chembamba kati ya ufizi na mzizi wa jino moja la mtu mmoja, ili seli za ufizi, zenye haraka, zisiziwahi zile zinazojenga upya nyuzi za kulishika jino. Ilifaulu. Lakini njia hiyo hufaa hasa penye shimo wima ndani ya mfupa. Mfupa ulioshuka usawa mmoja haurudishwi hivyo.

Hapa pana jambo ambalo mwambao wetu hauwezi kulipuuza. Vizuizi vingi vya kolajeni hutokana na nguruwe au ng'ombe, na jeli maarufu ya protini za enameli, inayotumika pia kuujenga upya mshiko wa jino, hutoka kwenye meno machanga ya nguruwe. Mgonjwa Mwislamu huenda akataka kumuuliza sheikh wake, au akachagua kupandikizwa mfupa wake mwenyewe. Hawezi kuuliza asichoambiwa. Napendekeza fomu ya ridhaa imtaje mnyama kwa jina, na isomwe kabla ya sindano ya ganzi.