DEBE LILILOVUNWA LISIPOTEE
Mazungumzo kwa wanachama juu ya kuhifadhi na kuuza mazao kwa pamoja

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa ili na wale waliokuwa shambani au msibani siku ile wayasome.)



Leo hatukuja kuwahimiza kulima. Jembe mnalijua. Tunataka tuzungumze juu ya kile kinachotokea baada ya jembe, kwa sababu huko ndiko jasho letu linakopotelea.

Mwezi Juni 2014 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Malabo, Guinea ya Ikweta. Waliahidi kwamba ikifika 2025 upotevu wa mazao baada ya kuvuna uwe umepungua kwa nusu. Mwaka 2025 ukafika, lengo halijatimia. Januari ya mwaka huohuo, huko Kampala, wakalipanga upya: upotevu upungue kwa nusu ifikapo 2035. Serikali yetu nayo ina mkakati wake wa kuzuia upotevu huo, wa miaka 2019 hadi 2029. Ni maneno mazuri. Lakini jamani, hakuna waziri atakayekuja Nduta kuanua maharage yako mvua ikinyesha. Azimio la Kampala litatekelezwa juu ya turubai lako na ndani ya ghala letu, au halitatekelezwa.

MWIZI WA KWANZA: MDUDU NA UNYEVU

Wote mnamjua dumuzi. Hakuwa mdudu wetu. Asili yake ni Amerika ya Kati. Hapa nchini alionekana mkoani Tabora, kwa jirani zetu, mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakulima wakampa jina la Scania, lile lori kubwa. Anakula mahindi, anakula na mihogo mikavu. Kwa sisi tunaokula ugali wa muhogo, huyo anaingia jikoni kabisa. Maharage nayo yana bungua wake, anayeanzia shambani na kuja nyumbani ndani ya punje.

Halafu kuna unyevu. Mwaka 2016 wenzetu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo inatokana na ukungu, na kuipika hakuiondoi. Kwa hiyo kukausha siyo jambo la bei tu, ni la uhai.

Utajuaje kama nafaka imekauka? Chukua chupa ya kioo iliyo kavu. Tia mahindi, tia chumvi kavu kidogo, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isipoganda, yamekauka. Na tuanike juu ya turubai au mkeka, tusianike juu ya udongo.

Yakishakauka, yapo mahali pa kuyaweka. Mifuko ya PICS ilianza kwenye utafiti uliofanyika Cameroon, miaka ya mwisho ya 1980, kwa ajili ya kunde. Haina uchawi wala dawa. Ndani kuna mifuko miwili ya nailoni, nje kuna kiroba cha kawaida. Unajaza, unatoa hewa, unafunga kila mmoja peke yake kwa kukaza. Wadudu waliomo wanaimaliza hewa, wanashindwa kula na kuzaa, wanakufa. Mfuko ukitoboka kazi imeharibika, basi uwekwe juu ya chaga, mbali na ukuta na panya. Na ukishaufunga, usiufungue kila siku eti unachungulia!

MWIZI WA PILI: LUMBESA NA HARAKA

Gunia letu tunalihesabu kwa debe sita. Anakuja mnunuzi na gunia lake la kushonea juu, anataka debe la saba. Sasa tupige hesabu pamoja: katika magunia sita ya namna hiyo umetoa debe sita za ziada, yaani gunia zima bure! Kanuni za vipimo haziruhusu mazao kufungashwa zaidi ya kilo 100, na Wakala wa Vipimo upo kwa kazi hiyo. Lakini mtu aliye peke yake porini, ana mgonjwa nyumbani, hana mizani, hawezi kubishana na mwenye fedha. Hilo tunalielewa, wala hatumlaumu mtu.

Dawa yake ni mizani moja na ghala moja. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilitungwa 2005, na wakulima wa korosho wa Mtwara wakaanza kuitumia 2007. Mkulima anapeleka mzigo kwenye ghala lenye leseni, unapimwa uzito na ubora, anapewa stakabadhi. Karatasi ile ni mali, hata benki inaweza kuipokea kuwa dhamana ya mkopo. Mnunuzi anaukuta mzigo mwingi mahali pamoja, anashindana na wenzake. Na tangu Aprili 2025 ipo Benki ya Ushirika, iliyozinduliwa Dodoma. Milango ipo, ila haifunguki kwa gunia mojamoja.

Tuseme na upande wa pili, maana kuficha si ushirika. Kuhifadhi si ahadi ya bei. Juni 2017 Serikali ilizuia mahindi kwenda nje, na msimu uliofuata bei ilianguka, waliohifadhi wakaumia. Tena ghala lina gharama zake, zinakatwa kwenye mauzo. Ndiyo maana hatusemi mtu aweke vyote.

Na lipo jambo la imani. Wazee wanakumbuka: 1975 kijiji kiliandikishwa kuwa chama cha ushirika, 1976 vyama vikuu vikavunjwa wanachama wasiulizwe, 1982 sheria mpya ikavirudisha. Mtu aliyeyaona hayo akiuliza "Maharage yangu yatarudi?" si mkorofi. Anastahili kujibiwa kwa daftari, siyo kwa kaulimbiu.

TUNAYOPENDEKEZA

(a) Kila kaya itenge kwanza chakula cha nyumbani na mbegu. Hivyo visiguswe, na mama wa nyumba awe na sauti.

(b) Maharage ya kuuza yagawanywe. Nusu mtu auze mara moja kwa shida zake: sare, daftari, dawa. Nusu iingie ghala la chama, imekauka, imepembuliwa, aina isichanganywe na nyingine. Mzigo wa rangi tatu humpa mnunuzi sababu ya kushusha bei.

(c) Kila mauzo yapimwe kwa kilo kwenye mizani ya chama. Lumbesa mwisho.

(d) Kila mwezi kilo zilizoingia, zilizotoka na gharama zilizokatwa ziandikwe ukutani hapa, kila mtu asome. Asiyejua kusoma asomewe.

Ndugu wanachama, tukipeleka magunia kumi, lori halitageuka kwa ajili yetu. Tukijaza ghala, litakuja lenyewe, maana ujenzi wa barabara ya lami kati ya Kabingo, Kasulu na Manyovu umeyasogeza malori karibu. Mambo haya manne yatapigiwa kura mkutano ujao. Mwenye kukataa aje akatae mkutanoni, siyo kilabuni. Mwenye kukubali aje na hesabu ya magunia atakayoleta.

Ushirika ni nguvu.

Bodi ya Chama