Mshahara wa Desemba na Wezi wa Madukani

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa serikali katika mkutano wao wa kufunga mwaka, Dar es Salaam.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa dogo mpaka siku linapotufika. Jambo lenyewe ni wizi unaotukuta madukani na sokoni katika majuma haya ya kuelekea Krismasi na Mwaka Mpya. Wenzetu Waislamu wanajua kwamba hali ni hiyo hiyo katika kumi la mwisho la Ramadhani, watu wanapotafuta kanzu na viatu vya watoto hadi usiku.

Sisi tunaoishi kwa mshahara tunao udhaifu mmoja ambao mwizi anaufahamu barabara. Fedha yetu huingia siku inayojulikana, na karibu sote tunakwenda kuitumia kwa wakati mmoja na mahali pamoja. Mkulima wa Mtwara akilipwa korosho zake, kibaka wa Kariakoo hana habari. Mshahara wa mtumishi ukitoka, habari hizo anazo hata muuza karanga. Na fedha hiyo siyo ya sikukuu peke yake. Ndiyo hiyo hiyo inayongojwa na sare, madaftari na kodi ya nyumba ya Januari. Mtu akiibiwa Desemba, kilio chake husikika Februari.

Tuchukue Kariakoo, maana ndiko tunakokwenda wengi. Jengo la soko lile, lililochorwa na Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na Julai 2021 likaungua moto. Lakini biashara ya Kariakoo haijapata kuishia ndani ya jengo. Imejaa katika mitaa ya Kongo, Msimbazi, Uhuru na Likoma, na wakati wa sikukuu mtu hupita humo bega kwa bega, huku bidhaa zimepangwa chini mpaka katikati ya njia. Msongamano huo ndio shamba la mchomozi.

Mchomozi hafanyi kazi peke yake. Mmoja husimama ghafla mbele yako kana kwamba ameangusha kitu. Wa pili hukusukuma kutoka nyuma, tena hukuomba radhi kwa adabu. Wa tatu huchomoa, na kabla hujageuka mali imekwisha kupokewa na wa nne anayekwenda zake upande mwingine. Ndiyo maana ukimkamata aliyekusukuma na kumpekua, humkuti na kitu. Mkoba ulioning'inia mgongoni, kwao ni kabati lisilo kufuli, na zipu haiwazuii wenye wembe. Mkoba ukae kifuani. Noti za kulipia ziwe mbali na akiba, tena zihesabiwe nyumbani, maana anayehesabu fedha kaundani huwahesabia na waliosimama nyuma yake. Aendaye kwa miguu kando ya barabara auweke mkoba upande wa ukuta, kwa kuwa siku hizi wakwapuaji huja na pikipiki.

Ndani ya duka hatari hubadilika sura. Hapo tunaibiwa zaidi na usahaulifu wetu: simu imewekwa juu ya kaunta wakati mama anampima mtoto kiatu, mfuko wa kwanza umeachwa sakafuni wakati tunachagua kitenge. Na yuko tapeli wa barabarani anayekuonyesha simu nzuri kwa nusu ya bei. Unaishika, unaiwasha, unaridhika. Yeye huichukua kidogo “akufungie vizuri”, na ukifika nyumbani unakuta ndani ya boksi mna kipande cha sabuni. Wasomi wazima wamenunua sabuni hizo, tena za bei kubwa kuliko zote nchini. Simu ya bei ya kutupa, hata ikiwa ni simu kweli, mara nyingi ni ya mwenzako aliyeibiwa jana, na sheria yetu inamtia hatiani pia apokeaye mali huku akijua kuwa ni ya wizi. Dai risiti. Mashine za kutolea risiti zimekuwapo tangu mwaka 2010, na risiti ndiyo ushahidi wako kwamba mali ni yako.

Kwa kuwa simu sasa ndiyo benki yetu, nitaisemea kidogo. Bonyeza *#06#, uandike katika daftari la nyumbani tarakimu 15 zitakazotokea. Hizo ndizo utambulisho wa chombo chenyewe. Namba ya siri usiifanye mwaka wako wa kuzaliwa. Simu ikiibiwa, azima ya mwenzako palepale, uiarifu kampuni yako ifunge laini kabla hujaanza kumtafuta mwizi, kisha nenda polisi upewe RB. Na ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” usiujibu, upeleke 15040.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Miaka kadhaa iliyopita, siku mbili kabla ya Krismasi, nilikuwa katika duka moja la nguo nikanunua shati. Nilipotoka nikapapasa mfuko, simu haimo. Kijana mmoja mbeba mizigo alikuwa amenigusa mlangoni akipita na mzigo wake. Nikapiga kelele: “Mwizi!” Neno moja tu, ndugu zangu. Kabla sijavuta pumzi ya pili alikuwa chini, na watu ambao hawakuibiwa chochote walikuwa wakimpiga kwa mateke na mbao. Mzee mmoja mwenye duka jirani ndiye aliyejitupa katikati akamvuta ndani na kushusha mlango. Na mle dukani nilimonunua shati, msichana alitoka ameshika simu yangu mkononi, akiuliza ni ya nani. Nilikuwa nimeiacha kaunta.

Kijana yule alivunjika mkono na meno mawili. Nililipia matibabu yake, naye hakunishtaki, ingawa haki alikuwa nayo. Baadaye nilisoma Katiba yetu, ibara ya 13, inayokataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa. Nilikuwa nimeifundisha darasani miaka tisa.

Hata mwizi halisi, sheria inamruhusu raia kumkamata, lakini amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa, hairuhusu kumpiga. Kwa hiyo nawaomba: ukiibiwa, taja kilichopotea, si mtu. Sema “nimepoteza simu”, “mkoba wangu hauonekani”. Wenye duka watafunga mlango na kutazama chini ya meza, na mara nyingi kitu hupatikana hapo hapo. Kama hujakiona kwa macho yako kikichukuliwa, neno lile usilitamke.