Percy Julian na Safari ya Uzamivu

Shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu huitwa kwa Kiswahili shahada ya uzamivu, na neno hilo limechaguliwa vyema. Mzamiaji hashuki baharini kuokota kilichokwisha kuletwa ufukoni. Katika elimu ya dawa kina hicho ni maabara, nacho kwa miaka mingi kilifungwa mbele ya Percy Julian, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1899 huko Montgomery, jimbo la Alabama. Babu yake, kama Julian mwenyewe alivyosimulia, alikatwa vidole viwili utumwani kwa kosa la kujifunza kuandika.

Julian alihitimu Chuo Kikuu cha DePauw mwaka 1920 akiwa wa kwanza katika darasa lake. Harvard ilimpa shahada ya uzamili mwaka 1923, lakini akanyimwa nafasi ya kufundisha huku akisoma, kwa hofu kwamba wanafunzi weupe wasingekubali kufundishwa naye. Bila nafasi hiyo, udaktari haukuwezekana.

Mlango ulifunguka ng'ambo. Mwaka 1929, kwa ufadhili wa wakfu wa Rockefeller, alikwenda Vienna, Austria, kwa Profesa Ernst Späth, bingwa wa alkaloidi, yaani kemikali kali zitokanazo na mimea, kama vile kwinini na mofini. Huko alichunguza alkaloidi za mmea uitwao Corydalis cava, na mwaka 1931 akatunukiwa udaktari.

Thamani ya masomo hayo ilidhihirika miaka minne baadaye. Katika nchi ambayo leo ni Nigeria, watuhumiwa walilishwa harage la Calabar, lenye sumu, ili kupima ukweli wao, mfano wa kiapo cha mwavi kilichojulikana Afrika ya Mashariki. Lakini fizostigmini, alkaloidi ya harage hilo, ikitumiwa kwa kipimo kidogo hupunguza shinikizo ndani ya jicho lenye glakoma, maradhi yapofushayo. Julian, akiwa amerejea DePauw pamoja na Josef Pikl, mwenzake wa Vienna, aliazimia kuiunda maabarani.

Tatizo ni kwamba Robert Robinson wa Oxford, mwanakemia mashuhuri mno wa zama zile, alikwisha kutangaza kuwa kundi lake limeunda dutu ya hatua za mwisho kabla ya kuifikia fizostigmini. Dutu aliyoipata Julian haikufanana nayo. Mmoja wao alikosea, na kama angekuwa yeye, hakuna ambaye angempa maabara tena. Hata hivyo alichapisha waziwazi kwamba Robinson amekosea. Mwamuzi alikuwa joto: kila dutu safi huyeyuka kwa kiwango chake maalumu, na ile ya Julian ililingana na iliyotokana na harage lenyewe. Mwaka 1935 fizostigmini kamili ikapatikana.

Mtu angedhani uprofesa ulikuwa ukimngoja. Wadhamini wa DePauw walikataa, kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1936 alihamia kampuni ya Glidden, Chicago, ambako alitengeneza homoni ya projesteroni kutokana na soya. Alifariki mwaka 1975. Mwaka 1980 jengo la sayansi la DePauw lilipewa jina lake.